KUTUNGA WAKATI WA DHIKI



Baadhi yenu mliniambia hamna mchango wa gazeti letu mwaka huu kwa sababu akili haijatulia: nyumbani kuna mgonjwa, karo haijalipwa, mambo ni mengi. Pole zenu. Lakini nauliza, hiyo akili itatulia lini?

Hebu tumtazame Abdilatif Abdalla, malenga wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?" Mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akawekwa peke yake. Humo ndimo alimotungia mashairi ya Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. (Naam, jina la rais yule yule aliyekuwa madarakani alipofungwa!)

Marehemu Ngugi wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mutharabaini kwenye karatasi kama hizo. Askari walimpekua wakazichukua. Bahati yake, zilirudishwa baadaye.

Hapo ndipo pana somo. Riwaya haina budi kukaa penye karatasi, bali tarbia yaweza kukaa kichwani. Mishororo 4, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na vina vyake vya kati na vya mwisho. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha. Ukilipunguza, mizani inakushtaki. Wengi wetu twalalamika darasani kuwa vina ni pingu. Kwa mtu asiye na karatasi, vina ndiyo kamba ya kufungia mzigo.

Mimi nimejaribu. Mafuriko ya 2024 yalipotutoa nyumbani karibu na Garsen, madaftari yangu yote yalilowa. Kambini foleni ya maji ilikuwa ndefu ajabu. Basi nikawa natunga mshororo mmoja kwenda, mmoja kurudi, na jioni namfundisha mdogo wangu aimbe. Akikwama mahali, najua mizani imekosewa. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei nilikuwa na beti 7. Mmoja ulihusu mbu tu, maana ndio waliokuwa wengi.

Insha nimeshindwa kabisa kuitunga hivyo. Nikifika aya ya pili, ya kwanza imeshatoroka. Beti 5 mtazisoma kwenye ukurasa wa mashairi. Zile mbili mdogo wangu amekataa kuzitoa, asema ni zake.