Dawa Mwilini: Kuingia Kwake na Kutoka Kwake

Katika Soko la Burma, Nairobi, tulikutana na muuza nyama mmoja aliyekuwa akiumwa na mgongo. Alitutolea vidonge vya parasetamoli, akasema: "Shehe, kimoja hakinifai kitu. Mimi humeza vinne asubuhi, vinne adhuhuri, na vinne usiku." Tukamwambia: "Bwana wee, wauza maini kila siku, na lako mwenyewe hulionei huruma!"

Natufanye hesabu. Kidonge kimoja kina miligramu 500. Basi vyake ni miligramu 6,000 kwa siku. Na mpaka wa mtu mzima mwenye afya ni 4,000 katika saa 24, yaani vidonge 8, visizidi 2 kwa mara moja, na baina ya mara na mara zipite saa 4 kwa uchache. Ini ndilo livunjalo dawa hii. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo bila ya madhara. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kuifisha. Akiba ikimalizika, sumu hulila ini lenyewe. Na balaa ni kuwa siku ya kwanza mtu huenda asihisi ila kichefuchefu. Macho ya manjano huja baadaye. Aliyezidisha na aende hospitali hata kama hana maumivu, kwani iko dawa ya kuirudisha akiba ile, nayo hufaa mno ikitolewa ndani ya saa 8.

Watu wengi hudhani mwili huitoa dawa kwa kiasi kimoja kila saa. Sivyo. Huitoa kwa sehemu ya kile kilichopo. Parasetamoli hupungua nusu kwa kadiri ya saa 2 hadi 3. Tukishika 3, basi 1,000 huwa 500, kisha baada ya saa 3 nyingine huwa 250. Na amezaye tena hujumlisha juu ya mabaki hayo. Muda huo wa nusu ukipita mara tano, husalia kama sehemu 3 tu katika 100. Lakini klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Kenya hadi 1998, muda wake wa nusu ni mwezi au zaidi! Kwa hiyo saa za dawa moja hazipimiwi nyingine.

Kadhalika amoksilini hutoka zaidi kwa figo. Mzee mwenye figo dhaifu hukaa nayo muda mrefu, na tabibu huenda akampunguzia kipimo au akazitenganisha saa.

Yule bwana alinyamaza, kisha akauliza: "Na ng'ombe aliyechomwa sindano?" Swali hili lilitupendeza kuliko mengine yote. Ng'ombe naye ana ini na figo, na dawa humtoka kwa njia hiyo hiyo; ndiyo maana chupa ya dawa ya mifugo huandikwa siku za kungoja kabla ya kuchinja. Oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu huweza kufika siku 28.

"Basi," akasema, "kesho nitamwuliza aniletaye ng'ombe."