Rangi ya maganda ya vitunguu

SWALI: Huku Dongobesh tunatupa maganda mengi ya vitunguu vyekundu. Je, rangi yake inaweza kutolewa, na ni kweli ni dawa?

JIBU: Inatoka, tena kwa urahisi. Jaza sufuria maganda makavu, mimina maji yayafunike, chemsha kwa moto mdogo dakika 40, kisha chuja. Kitambaa cha pamba au sufi kilicholowekwa kwanza kwenye maji ya shabu kitashika rangi ya dhahabu. Ukichemshia kwenye chombo cha chuma, itaelekea kijani cha giza. Mimina maji hayo kidogo kwenye vikombe viwili, kimoja utie ndimu na kingine magadi: ndimu huyafanya yawe mekundu zaidi, magadi huyabadilisha rangi.

Wekundu ni wa rangi asilia iitwayo anthosianini. Unjano ni wa nyingine iitwayo kwesetini, ambayo ganda la nje linayo nyingi kuliko nyama ya kitunguu. Kwesetini imechunguzwa sana: hupunguza uvimbe katika maabara, na kwa watu imeshusha presha kidogo tu. Hiyo haiifanyi kuwa tiba. Tafadhali usiache vidonge vyako vya presha, wala usinywe maji ya maganda yaliyopuliziwa sumu shambani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kunywa maji ya maganda.