Kikapu cha Jeanne Jugan

Mzee akipelekwa kwenye makazi ya wazee, jamaa na majirani husema ametupwa. Lawama hiyo ina haki yake, maana wapo wenye watoto na wajukuu wanaoachwa huko bila hata salamu. Lakini historia ya Masista Wadogo wa Maskini, wanaoendesha Nyumba ya Wazee, Kasarani, Nairobi, inaonyesha kwamba nyumba ya aina hii yaweza kuwarudisha wazee mikononi mwa majirani. Mwaka 1839, mjini Saint-Servan, Ufaransa, mwanzilishi wao, Jeanne Jugan, aliyekuwa akiishi kwa vibarua, alimpokea bibi kipofu, aliyepooza na kukosa wa kumtunza, akampa kitanda chake mwenyewe. Miaka 2 baadaye alikuwa na wazee 12. Wengi wao walikuwa ombaomba, basi akawauliza ni nani waliokuwa wakiwapa chochote, akachukua kikapu, akaenda kubisha hodi kwenye milango ile ile kwa niaba yao. Alipokea mabaki ya mkate na nguo kuukuu. Na mabibi waliokuwa bado na nguvu walisokota sufu kuchangia riziki yao. Mji haukuondolewa wajibu wake hata kidogo. Walichoondolewa wazee ni baridi ya barabarani na fedheha ya kunyoosha mkono. Mwaka 1865 shirika la masista hao liliamua kutotegemea mapato ya kudumu, na uamuzi huo uliendelea kulifunga na watu wanaolizunguka.

Atauliza mtu: je, mwaka wa ukame, kikapu kikirudi kitupu? Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu sadaka isichukue nafasi ya serikali. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na Serikali pia. Tena jina la dini halitoshi kuwa dhamana. Mwaka 1843 padri msimamizi alimwondoa Jeanne kwenye uongozi, na kwa miaka mingi padri huyo ndiye aliyetajwa kuwa mwanzilishi. Jeanne alifariki mwaka 1879, masista wengi vijana wasijue kwamba ndiye aliyeanza. Ikiwa mwanzilishi mwenyewe aliweza kunyamazishwa ndani ya nyumba yake, mzee mgonjwa asiye na ndugu ataweza kunyamazishwa kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo makazi yoyote, ya kanisa, ya msikiti au ya serikali, yakaguliwe na watu wa nje, na majirani waingie humo mara kwa mara.