Mabwawa ya Majitaka Yanapochakaa: Mambo Ambayo Mteja Anapaswa Kuyafahamu

Katika miji kadhaa nchini, majitaka ya mabomba na yale yanayoletwa na magari ya kunyonya vyoo hutibiwa katika mabwawa yaliyochimbwa ardhini. Mabwawa hayo hayahitaji umeme. Kazi hufanywa na jua, bakteria na mwani.

Yanavyofanya kazi

Bwawa la kwanza huwa na kina cha meta 2 hadi 5. Humo uchafu mzito hutuama na kuoza pasipo hewa. Katika bwawa linalofuata, lenye kina cha takribani meta 1.5, mwani hutoa oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu uliosalia. Mabwawa ya mwisho hupokea mwanga wa jua unaoua vijidudu, na mayai ya minyoo hutuama njiani.

Dalili za uchakavu

Adui mkuu wa bwawa ni tope. Bwawa lililosanifiwa kukaa na majitaka kwa siku 20, tope likijaa nusu yake, hukaa nayo takribani siku 10 tu. Maji hutoka yangali na vijidudu, na anayeathirika kwanza ni mkulima anayemwagilia mchicha kando ya mto, kisha mlaji. Dalili nyingine ni harufu kali isiyokoma, matuta yaliyomomonyoka na magugu yaliyofunika maji.

Ukarabati unaofaa

Mtambo wa kupuliza hewa huhitaji eneo dogo, lakini hudai umeme usiku na mchana, vipuri na fundi wa kudumu. Mji mdogo wenye ardhi ya kutosha waweza kunufaika zaidi kwa kuondoa tope, kuimarisha matuta, kuweka chujio la taka ngumu na kuongeza bwawa.

Haki na wajibu wako

Gharama za ukarabati zikiingizwa katika maombi ya kurekebisha bei, hudhuria mkutano wa taftishi na uulize:

1. Tope liliondolewa lini mara ya mwisho, na litapelekwa wapi?
2. Vipimo vya maji yanayotoka vinaonesha nini?
3. Baada ya ujenzi, uendeshaji utagharimiwa na nani?

Nawe usitupe plastiki wala mafuta ya kupikia katika mfumo, na usielekeze maji ya mvua kwenye chemba. Bwawa lililokarabatiwa bila kutunzwa litachakaa tena, na gharama itarudi kwenye ankara yako.