Gego la Mwisho Likiuma: Ling'olewe au Libaki?

Somo letu la leo ni juu ya jino. Si jino lolote tu. Ni lile gego la mwisho kabisa, lililo nyuma ya mengine yote. Wengine huliita jino la busara, kwa sababu linaota mtu akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Lakini likianza kuuma, hiyo busara yote huondoka! Mtu hali, halali, wala hataki kusemeshwa. Ndipo shauri huanza hapo nyumbani. Mmoja anasema ling'olewe leo hii. Wa pili anasema usithubutu. Wa tatu anakuja na mizizi yake. Je, tumsikilize nani?

Kwetu sisi wa vijiji vya Songea swali hili si dogo. Nauli ni pesa. Siku ya kwenda hospitali ni siku ya shamba. Tena jino likishang'olewa halirudishwi. Kwa hiyo tusome polepole, na asiyesoma asomewe na mwenzake.

1. TUHESABU MENO YETU

Chukua kioo, simama penye mwanga, fungua kinywa. Anza katikati, mbele, halafu nenda upande mmoja mpaka nyuma. Utakuta meno ya mbele ya kukatia 2, chonge 1, magego madogo 2, na magego makubwa 3. Tujumlishe:

2 + 1 + 2 + 3 = 8

Kinywa kina pande nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia na chini kushoto. Basi 8 × 4 = 32. Hayo ndiyo meno ya mtu mzima.

Jino la 8 katika kila upande ndilo gego la mwisho. Yote ni manne. Kwa watu wengi huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Ukihesabu ukapata 28 au 30, usishtuke. Wapo watu ambao magego hayo hayaoti yote, na wengine hawana hata moja. Huo si ugonjwa.

2. KWA NINI LINAUMA?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Gego hili ni kama abiria wa mwisho anayekuta basi limejaa. Taya likiwa halina nafasi ya kutosha, jino hutokeza nusu, au hulala ubavu na kumwegemea jirani yake.

Sababu ya pili ni ufizi. Jino likitokeza nusu tu, kipande cha ufizi hubaki kimelifunika kama kofia. Chini ya kofia hiyo huingia chembe za ugali, mboga na nyama. Mswaki haufiki. Vijidudu vya maradhi huzaliana humo, ufizi unavimba, unatoa usaha, na kinywa kinanuka. Maumivu mengi ya gego la mwisho la chini hutokana na jambo hili.

Sababu ya tatu ni kutoboka. Jino liko mbali nyuma, ni gumu kulisafisha, basi huoza upesi. Mara nyingine linaozesha hata lile la jirani.

Wapo wasemao jino linatobolewa na funza. Si kweli. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyobaki kwenye meno, na kutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayolimomonyoa jino kidogo kidogo.

Maumivu mengine ni ya jino kuota tu. Hayo huwa mepesi, hukaa siku chache, kisha hupoa yenyewe.

3. TUFANYE NINI NYUMBANI?

(a) Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri moja. Sukutua taratibu, upande unaouma, kisha tema. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula.

(b) Usiache kupiga mswaki kwa sababu ya maumivu. Tumia mswaki laini, pole pole, mpaka nyuma kabisa. Uchafu ukibaki, uvimbe unaongezeka.

(c) Shavu likivimba, weka kwa nje kitambaa kilicholowa maji baridi.

(d) Kwa kutuliza maumivu, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol. Tufanye hesabu yake vizuri. Kidonge kimoja huwa na miligramu 500. Dozi moja ni vidonge 2, kila baada ya saa 6. Mchana na usiku ni saa 24. Sasa 24 gawanya kwa 6 ni 4. Basi 2 × 4 = 8. Vidonge 8 ndiyo mwisho kwa siku nzima. Ukizidisha, unaliumiza ini. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amuulize mganga wa zahanati kwanza. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua, maana nyingi zina paracetamol ndani yake. Hapo ndipo kisomo chetu kinafanya kazi!

Dawa kama ibuprofen na diclofenac zinatuliza pia. Lakini mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizimeze bila kuambiwa na mganga.

Tukumbuke kwamba yote haya yanatuliza tu, hayaondoi chanzo cha ugonjwa.

4. TUSIFANYE HAYA

Tusiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Kinauunguza, na sasa unakuwa na vidonda viwili. Tusiweke maji ya betri, mafuta ya taa wala ugoro. Mafuta ya karafuu yanaweza kutia ganzi kwa muda mfupi, lakini hayaponyi.

Tusinunue dukani vidonge vya rangi mbili na kumeza viwili vitatu tu kwa kubahatisha. Dawa za kuua vijidudu zina kipimo chake na ugonjwa wake. Kazi ya kuzichagua ni ya mganga.

Na tusikubali kung'olewa na mtu mwenye koleo la fundi. Chombo kisichochemshwa kwa utaratibu wa hospitali kinaweza kuleta homa ya ini, UKIMWI au pepopunda. Tena jino likivunjika, mzizi unabaki ndani.

5. DALILI ZA HATARI

Zisome dalili hizi mara mbili, kisha mfundishe na jirani:

— Kinywa hakifunguki vizuri.
— Uvimbe unashuka shingoni au chini ya kidevu.
— Kumeza ni shida, hata mate yanatoka nje.
— Ulimi unainuliwa na uvimbe, au kupumua kunakuwa kwa taabu.
— Homa kali na kutetemeka.

Ukiona hata moja, usingoje gulio wala usingoje mahindi yavunwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kumwua mtu. Hapo hakuna tena shauri la kukaa.

6. LING'OLEWE AU LIBAKI?

Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Tuangalie mfano huu. Ni mazungumzo ya kujifunzia.

Kijana: Shikamoo, baba mdogo.

Baba mdogo: Marahaba, mwanangu. Mbona shavu limevimba tena?

Kijana: Ni lile gego la nyuma. Tangu mwaka uanze hii ni mara ya tatu. Nataka niende nikaling'oe.

Baba mdogo: Vumilia, mwanangu. Mvua ziko karibu, shamba halijatayarishwa. Nawe unataka kwenda kula nauli?

Kijana: Baba mdogo, tuhesabu pamoja. Kila likiuma nalala siku 4. Mara 3 kwa siku 4 ni siku 12. Nikienda, safari na kung'olewa tuseme siku 2, na kupumzika siku 3. Jumla 5.

Baba mdogo: Kumi na mbili toa tano... saba. Kumbe jino linakula siku saba zaidi! Lakini nasikia ukilitoa jino la juu unapofuka macho.

Kijana: Hilo langu ni la chini. Na hata la juu, mshipa wa kuonea haupiti kwenye jino.

Baba mdogo: Haya. Nenda kabla mvua haijaanza. Ila uulize kwanza kama ni lazima kulitoa.

Hapo wote wawili wamesema neno la maana. Kijana amehesabu. Mzee ametaka aulize. Maana si kila gego la mwisho ni la kung'oa.

Libaki, kama haliumi, limeota wima, halijatoboka, na mswaki unalifikia. Huko Uingereza watu wengi waling'olewa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa wowote. Mwaka 2000 taasisi ya nchi hiyo inayotoa miongozo ya tiba ilisema desturi hiyo ikome, kwa kuwa faida yake haijathibitika na kung'oa kuna madhara yake. Hata likiuma mara moja tu kwa ufizi kuvimba, mara nyingi kusafishwa na tabibu kunatosha.

Ling'olewe, kama ufizi unavimba tena na tena, kama limeoza kiasi cha kutozibika, kama lina usaha kwenye mzizi, au kama linamharibu jirani yake.

Kuna hatari moja ya kuijua. Mzizi wa gego la chini hukaa karibu na mishipa ya fahamu ya mdomo na ulimi. Baada ya kung'oa, baadhi ya watu hubaki na ganzi mdomoni. Kwa wengi huisha baada ya wiki au miezi, kwa wachache sana haiishi. Ndiyo sababu jino lililolala hupigwa picha ya eksirei kwanza.

7. TWENDE WAPI, TUSEME NINI?

Anza zahanati au kituo cha afya. Uliza ni wapi na ni siku zipi kuna tabibu wa meno. Songea mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Peramiho, kama kilomita 24 kutoka mjini, ipo hospitali ya misheni. Walio Mbinga wanayo ya Litembo pia. Ukiweza, piga simu kabla ya kusafiri. Uliza na gharama, na kama kadi yako ya bima inakubaliwa. Ujue pia kwamba ufizi ukiwa umevimba sana, tabibu anaweza kuusafisha na kukupa dawa, kisha akakuita siku nyingine. Basi tenga nauli ya safari mbili.

Ukifika, usione haya kusema. Mwambie kama una mimba, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari. Mwambie dawa zote unazomeza, hasa za kuzuia damu kuganda, na kama penisilini inakudhuru. Kisha nawe umuulize: "Daktari, likibaki litanidhuru nini? Likitolewa lina hatari gani?" Una haki ya kujibiwa, na una haki ya kufikiri kabla ya kukubali.

Siku ya kung'oa, kula kwanza, isipokuwa umeambiwa usile. Utapigwa sindano ya ganzi. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, lakini si maumivu makali. Ukisikia maumivu, inua mkono, utaongezwa ganzi.

8. UKIRUDI NYUMBANI

Uma kitambaa ulichopewa kwa nusu saa. Pale jino lilipotoka damu itaganda na kuwa donge. Donge hilo ndilo dawa, usilitoe! Kwa saa 24 usisukutue, usiteme teme, usivute sigara, usinywe pombe. Usibebe mzigo mzito wala kushika jembe. Kula uji uliopoa, ndizi au viazi vya kuponda, kwa upande mwingine. Saa 24 zikipita, anza kusukutua kwa maji ya chumvi, taratibu.

Uvimbe wa siku mbili tatu ni kawaida. Damu ikizidi, uma kitambaa safi kwa nusu saa bila kukitoa toa. Isipokoma, rudi hospitali. Maumivu yakipanda upya siku ya tatu au ya nne, na kinywa kinanuka, huenda donge limetoka. Rudi pia, tabibu atapasafisha na kuweka dawa.

Ndugu wasomaji, mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini mwetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma kitabu cha "Mtu ni Afya", kisha wakachimba vyoo. Walisoma, wakajadiliana, wakatenda. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa kinywa chetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Hesabu meno yako. Je, magego ya mwisho unayo mangapi?
2. Umemeza vidonge 2 vya paracetamol saa 12 asubuhi na 2 saa 6 mchana. Vimebaki vingapi vya kumeza mpaka kesho saa 12 asubuhi?
3. Taja dalili tatu za kumkimbiza mgonjwa hospitali.
4. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa jino usiku angesafiri kwa chombo gani? Pangeni sasa, kabla hajapatikana.