Mafunzo Niliyopata: Bakapu Kati ya Windows, Mac na Linux

Kwenye studio yetu ndogo ya video za harusi hapa Dar es Salaam, mapokezi wanatumia Windows, mhariri ana Mac yake asiyomwazima mtu, na kompyuta moja kuukuu iliyowekewa Linux ndiyo ghala. Kuhamisha kazi na kutunza nakala ni jukumu langu.

1. Kabla ya kuuliza diski ina nafasi kiasi gani, uliza imefomatiwaje. "Kaka, diski iko tupu lakini imegoma," aliniambia mhariri siku moja. Ilikuwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata nafasi iwe ya kumwaga, na video ya send-off inavuka hapo bila jasho. NTFS ya Windows nayo, Mac inaisoma tu. Kuandika mpaka uongeze programu. Inayoelewana na wote watatu ni exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006 na Linux ikaipokea rasmi katika toleo la 5.4, mwaka 2019. Tatizo lake ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokatikia njiani. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, au mtu akichomoa waya kwa haraka zake, unaweza kukuta folda haifunguki tena. Ndiyo maana kwangu exFAT ni ya kubebea tu. Diski za ghalani ni ext4.

2. Majina ndiyo yanayopoteza kazi kimyakimya. Linux inakubali karibu kila kitu: nukta mbili, alama ya kuuliza, kinyota. Windows inavikataa vyote hivyo, na diski ya exFAT pia, kwa hiyo "Harusi: siku ya 2" haivuki. Mafundi wa sauti hupenda kuita folda "aux". Windows ina ugomvi na jina hilo tangu enzi za DOS, pamoja na "con" na "nul".

Hayo angalau hupiga kelele. Linalonitisha ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Linux, "Keki.mp4" na "keki.mp4" ni mafaili mawili yanayokaa folda moja kwa amani. Windows na Mac, kwa mpangilio zinaokuja nao, huona jina moja, na la pili linaweza kufuta la kwanza. Siku hizi tunaandika herufi ndogo tupu, tarehe mbele, kistari badala ya nafasi. Folda yenye majina tusiyoweza kuyabadilisha naifunga kwanza kwa tar ndipo isafiri. Windows 10 nayo ina tar tangu 2018, ingawa kufungulia huko bado majina yale yale yatagoma.

3. Mafaili yanayoanza na "._" si virusi. Mac huyaacha kwenye exFAT ili kutunza taarifa zake za pembeni. Dada wa mapokezi aliwahi kutaka kufomati flashi nzima kwa sababu yake, na simlaumu: virusi vya shotikati vimetutesa sana mjini hapa.

4. Saa zinadanganya. FAT32 huandika saa za mahali bila kutaja ni za wapi, tena kwa kuruka sekunde 2. Linux ikizisoma kama za UTC, kila faili linaonekana limesogea saa 3, na rsync inaanza kunakili upya vitu ambavyo havijaguswa. Kwa zile sekunde 2, ongeza --modify-window=1.

5. Folda inayojilandanisha kwenye kompyuta zote si bakapu. Ukifuta huku, inafuta na kule, kwa utiifu mkubwa.

6. Nakala ihakikiwe kwenye mashine tofauti na ilikotoka. Linux ina sha256sum, Mac ina shasum -a 256, Windows ina certutil -hashfile, ambayo mwishoni unaiandikia SHA256. Zikitoa namba ile ile, faili limefika salama. Hata hivyo, faili kufika salama si sawa na kazi kufunguka. Mradi mmoja wa Windows ulifunguka kwenye Mac ukiwa kamili, isipokuwa majina ya maharusi yalitokea kwa mwandiko mwingine kabisa. Fonti zilikuwa zimebaki mapokezi. Folda ya fonti sasa imo kwenye orodha ya bakapu ya kila Ijumaa.