Gari Dogo Lenye Injini Kali: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulinunua Likiwa Limetumika

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayouzwa nchini Kenya, lipo kundi moja linalostahili somo lake peke yake. Ni yale magari madogo ambayo mlango wao wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, hachibaki kama yanavyoitwa, lakini ambayo kiwanda kimeyatilia injini yenye nguvu kupita umbo lake. Volkswagen Golf GTI, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ndiyo iliyolipa kundi hili umaarufu, na ndiyo tutakayoitumia hapa kama mfano mkuu. Mengi yatakayosemwa yanahusu pia Suzuki Swift Sport, Subaru Impreza zenye turbo na nyingine za jinsi hiyo.

Kwa nje, gari la namna hii halitofautiani sana na gari la kwenda sokoni, na hapo ndipo mnunuzi anapoponzwa. Golf ya kawaida iliyokwenda kilomita 90,000 na GTI iliyokwenda kilomita hizo hizo si magari yaliyochoka sawasawa, kwa kuwa huenda ya pili ilinunuliwa ili ikimbizwe. Anayelinunua halipii chuma tu, bali hulipia pia mazoea ya waliolimiliki kabla yake: kama walibadilisha oili kwa wakati, kama waliiacha injini ipate joto kabla ya kuikanyagia, kama waliichezea ili iongezeke nguvu. Mazoea hayo huacha alama, na alama hizo husomeka na mtu yeyote mwenye subira, hata asiye fundi.

Kilomita na karatasi zake

Anza na karatasi kabla ya kulitazama gari. Magari mengi ya aina hii huingia Kenya kutoka Japani, na baadhi kutoka Uingereza, nchi ambazo usukani wa magari yake uko kulia kama sheria yetu inavyotaka. Gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa. Kwa hiyo GTI za zamani unazoziona zikiuzwa zimekwisha kuwa na mmiliki mmoja au zaidi humu nchini, na historia yake ni ya nchi mbili.

Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada. Humo gari hupewa alama ya jumla, kwa mfano 4 au 4.5, herufi R au RA mahali pa alama hiyo ina maana kuwa gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa chote. Kilomita zimeandikwa hapo pia. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyochongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu, maana karatasi nzuri ya gari jingine haina faida kwako. Kwa gari la Uingereza kazi ni rahisi zaidi: magari ya huko hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka 3 ya kwanza, kilomita au maili huandikwa kila mara, na kumbukumbu hizo zinaweza kutazamwa mtandaoni bila malipo kwa kutumia namba ya usajili ya huko. Iulize namba hiyo.

Karatasi zikikosekana, gari lenyewe litasema. Kipimo kikionyesha kilomita 60,000 ilhali ngozi ya usukani imelainika hadi inang'aa, mpira wa kanyagio la breki umelika upande mmoja, na ukingo wa kiti cha dereva umebonyea, usikiamini kipimo hicho.

Fika gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba ungependa kuiwasha injini mwenyewe ikiwa haijawashwa siku hiyo. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, omba kurudi siku nyingine. Muuzaji akiudhika kwa ombi dogo kama hilo, amekwisha kukujibu swali ambalo hujamuuliza.

Sababu ya ombi hili ni kwamba kasoro nyingi za injini zenye turbo hujificha oili ikipata joto. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi utokao kwenye injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Huzunguka kwa kasi kubwa mno, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa au ikipungua, feni hiyo huanza kufa. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha, au unapoachia mafuta baada ya kukanyaga, ni dalili kwamba oili inaungua mahali fulani. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi si tatizo. Ule usiokoma hata injini ikiwa moto ndio wa kuogopa. Chomoa kijiti cha oili, utazame kiwango na rangi, kisha uliza oili ya mwisho ilibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Jibu la kweli huwa na risiti.

Golf GTI za vizazi vilivyofuatana hazina ugonjwa mmoja, kwa hiyo jua unatazama ipi. Ile ya kizazi cha 5, iliyotoka kuanzia mwaka 2004, ina injini ya lita 2.0 inayotumia mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini huharibika. Usipoonyeshwa risiti ya kuubadilisha, hesabu kwamba haujabadilishwa na uingize gharama hiyo katika bei. Injini hiyo hiyo ina kikombe kidogo cha chuma kati ya kemushafti na pampu ya petroli ya presha ya juu. Kikombe hiki hulika polepole. Kikitoboka, huiharibu na kemushafti. Fundi anayeifahamu injini hii hukifungua na kukitazama kwa muda mfupi, na kukibadilisha mapema ni gharama ndogo sana ukilinganisha na madhara yake. Wauzaji wengi hawajawahi kusikia habari zake.

Kizazi cha 6, kuanzia mwaka 2009, kiliacha mkanda kikatumia cheni, na watu wakadhani taabu imekwisha. Kifaa cha kuikaza cheni hiyo katika matoleo ya awali kilikuwa dhaifu. Kikilegea, cheni huruka meno yake na injini hupata hasara ile ile ya mkanda kukatika. Sikiliza sekunde chache za mwanzo injini baridi inapowaka: mlio wa vyuma vinavyogongana upande wa cheni si wa kupuuzwa, hata ukiambiwa kwamba "ndivyo yalivyo haya." Injini hizi pia zilijulikana kwa kula oili, ndiyo sababu ya kukagua kijiti kabla na baada ya kuliendesha. Katika kizazi cha 7, tatizo linalofahamika zaidi ni kuvuja kwa maji ya kupoza injini kwenye kasha la plastiki la pampu na thamostati. Tafuta madoa makavu ya waridi kuzunguka sehemu hiyo, na utazame kama kiwango cha maji kimepungua.

Giaboksi

Nyingi utakazokutana nazo zina gia za otomatiki aina ya DSG, yaani giaboksi yenye klachi mbili zinazopokezana. Ile ya gia 6 huhitaji oili yake na chujio vibadilishwe kila baada ya kilomita 60,000. Hii si kazi ya gereji yoyote, na ndiyo huduma inayorukwa zaidi, kwa kuwa gari huendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichosahauliwa. Liendeshe likiwa baridi, kisha likiwa moto, kwenye foleni na kwenye mlima. Likitetemeka linapoondoka, likisita kati ya gia ya kwanza na ya pili, au likigonga unapoingiza rivasi, mpelekee fundi wa DSG kabla ya kutaja bei yoyote. Gari lenye klachi ya mguu huwa na jaribio rahisi: ukiwa katika gia ya 4 kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Gari lililochezewa

Hapa ndipo somo hili linapotofautiana na la gari lingine lolote. Programu ya kompyuta ya injini ya turbo inaweza kubadilishwa kwa muda mfupi ili presha ya hewa iongezeke, na GTI iliyotoka kiwandani ikiwa na nguvu ya farasi 200 ikazidi hapo sana. Wengine huongeza bomba la moshi lenye mlio, hung'oa katalitiki, yaani chombo cha kusafisha moshi, au huishusha bodi karibu na ardhi. Si kila aliyefanya hivyo aliharibu gari lake. Lakini klachi, giaboksi na turbo zilizopimwa kwa nguvu fulani sasa zinabeba zaidi, na kampuni ya bima isiyoarifiwa kuhusu mabadiliko hayo inaweza kuyatumia kukataa madai yako.

Ugumu ni kwamba mabadiliko ya programu hayaonekani kwa macho. Mkodi fundi huru mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Asiwe rafiki wa muuzaji. Asisome makosa tu, kwa sababu makosa hufutwa kwa kubonyeza kitufe. Mwambie atazame pia kama majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe yamekamilika. Makosa yakifutwa, majaribio hayo huanza upya na huchukua safari kadhaa kukamilika. Kwa hiyo gari lisilo na kosa hata moja, lakini ambalo majaribio yake mengi hayajakamilika, huenda limefutwa kumbukumbu asubuhi hiyo, au betri yake iliondolewa. Rudi baada ya siku chache lisomwe tena.

Matairi, breki na bodi

Mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya majina manne ni ushahidi wa mwenye gari anayebana matumizi pale usalama unapotegemea. Tairi lililolika upande wa ndani pekee huonyesha mpangilio wa magurudumu uliopotoka, jambo la kawaida kwa magari yaliyoshushwa. Kwa matuta ya barabara zetu, chungulia na chini pia: bakuli la oili likiwa limekwaruzwa au kubonyea, limekwisha kuligusa tuta.

Inua zulia la buti utazame chini ya tairi la akiba kama kuna mikunjo au weldingi isiyo ya kiwandani. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Mstari wa tope juu yake ni alama ya mafuriko. Unapofungua swichi, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi kuficha kwamba mifuko ilikwisha kutumika katika ajali na haikurudishwa.

Hati na mapatano

Kabla ya kutoa hata arbuni, itafute rekodi ya gari kupitia huduma za mtandaoni za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA). Jina la mmiliki lifanane na la kitambulisho cha anayekuuzia, au awe na idhini iliyoandikwa. Benki au mkopeshaji akitajwa kama mmiliki mwenza, gari limewekwa rehani, na ahadi ya muuzaji kwamba atalipa akipokea fedha zako haikulindi. Lipa kupitia benki, mkopeshaji akiwa amethibitisha kwa maandishi kwamba ameliachilia.

Usikubali kukaa na gari lenye jina la mtu mwingine. Sheria ya Trafiki inataka umiliki ubadilishwe ndani ya siku 14, na aliyesajiliwa huhesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo.

Jambo moja la kisheria huwashangaza wanunuzi. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mfanyabiashara wa magari huwajibika kwa ubora wa anachokiuza. Lakini mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuigundua. Anayeuza gari lake binafsi hana hata wajibu huo wa ubora. Kwa hiyo yale uliyoambiwa yaandikwe: kilomita, kama liligongwa, kama programu ya injini imebadilishwa, tarehe ya huduma ya mwisho ya giaboksi. Maneno ya uongo yaliyotiwa sahihi unaweza kuyapeleka mahakamani. Ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Ambatisha ripoti ya fundi wako kwenye mapatano, pande zote mbili zitie sahihi kila ukurasa, na kila mmoja abaki na nakala yake.